Dada wa kazi anahesabiwa na matajiri

Nimechoka na hii meseji ya Gini inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, Gini ni kile kipimo cha pengo la walionacho na wasionacho, 0 wote sawa, 1 mmoja kachukua vyote. Eti Tanzania Bara tuko 0.38, Afrika Kusini wako 0.63, kwa hiyo tushukuru. Hiyo 0.38 imetoka kwenye utafiti wa bajeti ya kaya wa 2017/18, na ule wa 2011/12 ilikuwa 0.34, yaani pengo limeongezeka, hilo mbona hamliforwadi?

Ila kinachoniuma zaidi ni hesabu yenyewe. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, basi wenye utafiti wanajumlisha matumizi ya nyumba nzima halafu wanagawa kwa waliomo, kila mtu na uzito wake, mwanaume mtu mzima 1, mwanamke 0.88, kichanga 0.40. Sasa chukua nyumba moja Mbezi Beach, baba, mama, watoto wawili na dada wa kazi. Nyama, luku ya AC, vocha, nguo, vyote vinaingia, na dada kwa kuwa analala humo na kula humo anapewa fungu lake. Kwenye makaratasi yuko juu kabisa! Dada ninayemjua mimi anakula wa mwisho, kakaa kwenye kigoda jikoni anakwangua ukoko na mchuzi uliobaki, godoro lake analikunja alfajiri kabla hawajaamka, na mshahara ukitoka karibu wote anamrushia mama yake kijijini. Mstari wa umaskini, ule ambao ukiwa chini yake unahesabiwa maskini, kwenye utafiti huo wa 2017/18 ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, ukimpigia hesabu ya anachokula na kuvaa yeye mwenyewe sidhani kama anafika hapo. Na ndani ya familia za damu pia minofu ina wenyewe.

Haya, nakubali kupima matumizi badala ya kipato kuna sababu, mkulima wa kahawa Mbozi anashika hela msimu mmoja, mwezi mwingine ukimuuliza kipato atakwambia sina. Na mdadisi, yule anayepita nyumba kwa nyumba kuuliza maswali ya utafiti, hawezi kukaa mezani aone nani kapewa paja. Mali ndo kabisa, mtu ana viwanja na nyumba za kupangisha, hesabu ya matumizi haivioni.

Lakini dada ana mdomo wake. Mdadisi akifika amuite pembeni, bosi asiwepo, amuulize wiki hii umekula nini, umenunua nini kwa hela yako, una akiba yoyote. Halafu hiyo Gini ipigwe upya na majibu yake yakiwemo.