Kabla ya kuiwasha mashine ya kanda, jua unataka kusoma kanda ipi

Naona watu wengi wanaofufua mashine za zamani za kanda za kompyuta huanza na rangi, vioo na taa za mbele. Nawaelewa, maana ni mashine zenye haiba. Ila kama una makasha ya kanda ambazo hazijasomwa, mpango uanzie kwenye kanda hizo. Zina njia 7, yaani mistari ya data inayokwenda sambamba kwenye kanda, au zile 9 ambazo IBM ilizileta mwaka 1964 pamoja na kompyuta zake za System/360? Ziliandikwa kwa msongamano wa biti 800, 1600 au 6250 kwa inchi? Majibu hayo ndiyo yatakayokuambia kama mashine uliyo nayo inakufaa hata kidogo.

Baada ya hapo, shughulikia mpira. Raba za zamani huoza kwa namna ya ajabu: roli, yaani gurudumu la mpira linalogusa kanda, kwa macho inaonekana nzima, ukiigusa kidole kinatoka cheusi, kimenata kama kimeshika lami. Uchafu huo ukifika kwenye kanda, unakwenda nayo moja kwa moja hadi kwenye kichwa cha kusomea. Kwa hiyo roli ivishwe mpira mpya, na njia nzima inakopita kanda isafishwe kwa spiriti, mapema kabisa.

Umeme nao una utaratibu wake. Kapasita kubwa, vile vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme, zilizokaa miongo bila kazi huwa zimedhoofika utando wa ndani, na ukizipa volti zote kwa mkupuo zinaweza kupasuka. Tenganisha pawa saplai (sehemu inayogawa umeme) na bodi zote za saketi, pandisha volti taratibu, pima, ndipo uunganishe. Jaribu kwa kanda isiyo na thamani. Na kanda yenye thamani isipande kwenye mashine kabla hujatazama nyuma ya gurudumu lake na kuchomoa ile pete ya plastiki inayoruhusu kuandika.

Anayeona haya yote ni kupoteza muda akumbuke kanda za Lunar Orbiter, vyombo vilivyopiga picha za Mwezi mwaka 1966 na 1967. Kanda zilitunzwa vizuri, lakini bila mashine za Ampex FR-900 za kuzisoma zilikuwa mzigo tu. Kikundi kidogo kikazifufua mashine hizo katika jengo lililokuwa mgahawa wa McDonald's, huko NASA Ames, kituo cha utafiti cha shirika la anga la Marekani, California. Mwaka 2008 wakatoa upya picha ya Dunia ikichomoza nyuma ya Mwezi, safi kuliko ilivyopata kuonekana mwaka 1966.

Kuna jambo ambalo mafundi wenzangu hawalipendi: mimi sioni ulazima wa kufufua kila bodi. Mota zikizunguka sawa na mvutano wa kanda ukiwa thabiti, chukua mawimbi moja kwa moja kutoka kwenye vikuza mawimbi vya kichwa cha kusomea, yarekodi kwa kifaa cha kisasa, kisha programu iyageuze kuwa data. Bodi za zamani zitarudi kwenye meza ya fundi kanda zikishasomwa.