Dereva wa Salgaa na ile "kazi nyingine"

Tumfikirie dereva wa trela mwenye miaka 56, mtu wa Salgaa, kile kituo cha malori karibu na Nakuru, ambaye amepiga barabara ya Mombasa hadi Malaba tangu ujana wake. Gari linapinduka, mgongo unaumia. Akitoka hospitalini anatembea, akili yake ni timamu, na kwenye kiti cha kawaida anakaa bila shida. Ila mtikisiko wa lori hauwezi tena, wala kupanda juu ya mzigo kufunga turubai, wala kuinua gurudumu la akiba. Je, ameshindwa kufanya kazi, au ameshindwa ile kazi moja tu?

Sheria yetu ya Kenya ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka 2007, ambayo kila mtu huiita WIBA, haijisumbui sana na swali hilo. Ina jedwali: kiungo fulani, asilimia fulani. Kwa ulemavu wa kudumu, hesabu hupigwa kwa mshahara wa miezi 96. Aliyekuwa akilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, akikadiriwa asilimia 30, anafikia 576,000. Kwa kawaida haulizwi alikuwa na ujuzi gani wala kesho atashika nini.

Utaratibu huo una faida ambayo wasomi huidharau. Mfanyakazi wa kiwanda cha sukari kule Muhoroni anaweza kuipiga hesabu mwenyewe kwenye simu yake. Hakuna wa kumwambia kwamba, kwa vile amezoea kusoma geji za mashine, anafaa kuwa karani wa mizani na kwa hiyo apunguziwe. Tangu Desemba 2019, Mahakama ya Juu ilipoidhinisha madai haya yaanzie kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini badala ya mahakamani, urahisi huo una uzito zaidi, maana asiye na wakili naye lazima aelewe anadai nini.

Tatizo ni kwamba jedwali linaona kiungo, halimwoni mwenye kiungo. Mhasibu wa Nakuru na fundi wa kuchomelea vyuma wakipoteza vidole vilevile, wanasomewa mstari uleule. Mmoja anarudi ofisini baada ya wiki kadhaa. Mwingine amefukuzwa na mkono wake mwenyewe.

Marekani wamekwenda upande wa pili kabisa. Wakala wao wa Hifadhi ya Jamii hupitisha dai la mafao ya ulemavu kwenye hatua tano, na ya tano ndiyo ile ya dereva wetu: kazi ya zamani imekushinda, sawa, lakini ipo nyingine unayoiweza? Hapo ndipo ujuzi hupimwa kama unahamishika. Kazi ambayo mtu huifunza kwa siku 30 au chini ya hapo haihesabiwi kuwa na ujuzi wa kuhamisha. Tabia nazo, kama uangalifu au wepesi wa mikono, si ujuzi. Na umri una sauti kubwa: aliyefika miaka 55 na kubakiwa na uwezo wa kazi za kukaa tu, ujuzi wake hukubaliwa kuwa umehamishika pale tu ambapo kazi mpya haimdai mabadiliko, au inamdai madogo sana, katika vifaa, namna ya kufanya kazi, mazingira na sekta.

Mpime dereva wetu kwa kipimo hicho. Anajua makaratasi ya mpakani. Anajua mzigo wa tani ngapi utapanda mlima upi, na kituo kipi cha mizani kina foleni saa ngapi. Kwa maneno matupu, huyu ndiye mtu wa kukaa ofisini na kupanga safari za malori. Sekta ni ileile. Lakini ingia ofisi ya kampuni yoyote ya usafirishaji uangalie hiyo meza: kompyuta, ramani ya malori yanayofuatiliwa kwa setilaiti, barua pepe za wateja, jedwali la mafuta. Alichonacho kichwani ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki hajawahi kuigusa. Mabadiliko madogo sana? Sidhani. Angekuwa na miaka 35 ningesema ajifunze, tena haraka.

Hapa ndipo ninapowapa Wamarekani maksi. Hawajifanyi kwamba mtu wa miaka 56 na wa 35 wanaanza upya kwa nguvu sawa. Zaidi ya hapo, katika hatua hiyo ya tano ni wakala unaopaswa kuonyesha kwamba kazi nyingine ipo.

Lakini ipo wapi? Sheria yao inasema kazi ihesabike hata kama haiko karibu na unapoishi, hata kama hakuna nafasi iliyo wazi, hata kama ukiomba hutaajiriwa. Inatosha iwe ipo kwa wingi katika eneo unaloishi au katika maeneo kadhaa ya nchi. Na orodha ya kazi waliyoitegemea kwa miaka mingi ilirekebishwa mara ya mwisho mwaka 1991. Watu walinyimwa mafao kwa kutajiwa kazi ambazo dunia imezisahau, hadi mwaka 2024 wakala wenyewe ukawekea masharti matumizi ya zaidi ya 100 kati ya hizo. Tukiuleta mtindo huo Kisumu, nina hakika ataitwa mtaalamu aseme kwamba Kenya ina makarani wengi wa kupokea simu.

Kwa hiyo sitaki tunakili. Ndani ya WIBA kuna kifungu kinachotajwa mara chache mno: jeraha likiwa na madhara makubwa kupita kawaida kwa sababu ya aina ya kazi ya aliyeumia, Mkurugenzi anaweza kuongeza asilimia. Huo ni mlango wa kuleta swali la ujuzi kwa upande mmoja tu, wa kuongeza, bila kuipa kampuni ya bima ya mwajiri silaha ya kupunguza. Unachohitaji ni ushahidi: maelezo ya kazi yenyewe, miaka aliyoifanya, umri wake, kiwango cha elimu. Daktari anaujua mgongo, ila kazi ya turubai ataielezwa na mwenyewe au na turniboi, yaani utingo wake.

Watakaopinga watasema mlango huo utamtajirisha kila mjanja, na bima itapanda kwa waajiri wadogo. Hoja ya bima ina ukweli ndani yake. Hiyo ya ujanja inaniudhi, kwa sababu huku kwetu aliyeumia hakai kusubiri hundi. Ndani ya miezi michache utamkuta kando ya barabara na meza ya karanga na kredo za simu. Mtu akileta picha ya meza hiyo kama ushahidi kwamba anajiweza, swali la kumuuliza ni moja: hiyo meza inamwingizia ngapi kwa mwezi, na usukani ulikuwa ukimwingizia ngapi?