Bango la utalii darasani: mtoto anamwandikia nani?

Tangu mtaala wa umilisi, CBC, uanze kutumika kote Kenya mwaka 2019, wazazi wa shule za msingi wameizoea kazi hii: mtoto anarudi Ijumaa na agizo la kutengeneza bango la kumvutia mtalii atembelee sehemu fulani nchini. Jumapili jioni saiba za mtaani, yale maduka ya kompyuta na kuprinti, zinajaa. Huyu anataka picha ya simba, yule ya Fort Jesus, ngome ya kale ya Mombasa, na wote wanazitaka za rangi.

Lawama zake zinajulikana. Manila, gundi, kalamu za rangi na kuprinti huenda visimsumbue mwenye mshahara, lakini kwa mzazi anayeitafuta pesa ya unga wa usiku huo, hilo ni pigo. Tena kuna siri ambayo kila mtu anaijua: baadhi ya mabango yanayong'aa ukutani ni kazi ya mama, ya baba, au ya kijana wa saiba. Mwalimu akiliandikia bango hilo "kuzidisha matarajio", na lile lililochorwa kwa penseli "kukaribia matarajio", basi amepima mfuko wa mzazi. Hata hivyo, ubaya huu una dawa, na si ghali. Kazi ifanyiwe darasani, kwa vikundi, juu ya maboksi yaliyokatwa na migongo ya kalenda za mwaka jana. Sioni haja ya kuifuta kazi nzima kwa sababu hiyo.

Wanaoitetea, kwa upande wao, wana hoja nzito kuliko wanavyosikilizwa. Insha ya kurasa mbili kuhusu Mombasa inaweza kunakiliwa kitabuni neno kwa neno, na aliyeinakili asijue alichoandika. Bango halimpi nafasi hiyo. Ana picha moja, mistari michache, pengine na ramani ndogo pembeni, hivyo analazimika kuamua kipi kibaki na kipi kiachwe. Aliyepewa Fort Jesus anakabiliwa na Wareno walioijenga kati ya 1593 na 1596, na Waomani walioizingira kuanzia 1696 hadi wakaitwaa 1698. Kuna Waingereza walioifanya jela hadi 1958, na kuna UNESCO iliyoitia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Mtoto wa miaka 11 akichagua moja kati ya hayo na kuweza kusema kwa nini, amefikiri kama mwanahistoria. Na yule ambaye sentensi ndefu humshinda, huenda hapa akaonekana kwa mara ya kwanza kuwa ana akili.

Kuna na riziki pia. Utalii unalisha nyumba nyingi Watamu, Diani na Narok, na mtoto wa huko akijua mapema jinsi tangazo linavyosukwa, hajapotezewa wakati.

Kinachonitatiza mimi ni yule anayeandikiwa. Bango la namna hii lina ukoo wake. Reli ya Uganda, ile iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901, ilitoa mwanzoni mwa karne ya 20 bango lililozinadi nyanda zetu za juu kuwa maskani ya makabaila wakati wa baridi. Likawaita na wawindaji, na wapenzi wa elimu ya viumbe. Wenye nyanda hizo, waliokuwa wakilima na kulisha mifugo, maneno yake hayakuwataja.

Sasa tazama ukuta wa darasa. Maasai Mara haina ng'ombe hata mmoja. Turkana ni ziwa na machweo, hakuna mvuvi. Amboseli ni tembo mbele na Kilimanjaro nyuma, na sijaona bango lililotaja kwamba mlima wenyewe uko Tanzania. Watoto hawakuyabuni haya. Wanaiga picha walizozikuta mtandaoni, zilizopigwa kwa ajili ya mgeni, kisha wanazitumia kujifunza nchi yao wenyewe. Hapo ndipo ninapoachana na watetezi: ustadi wa kuchagua ni mzuri, lakini mtoto akichagua kwa jicho la mgeni, anajizoeza kuwaruka watu wa kwao.

Ningelibakiza bango, nikambadilisha msomaji. Liandikwe kwa mwanafunzi wa rika lake katika kaunti nyingine, mwenye nauli ya basi na maswali mengi. Anashukia wapi? Mkenya analipa kiasi gani mlangoni, maana mgeni hulipa zaidi? Atakula nini na wapi? Nani wanaishi hapo, na wanajipatiaje riziki? Kwa msomaji huyo ile jela ya Fort Jesus huwa ndiyo habari yenyewe, kwa sababu waliofungwa humo huenda wakawa babu zake.

Watapinga kwamba bango la hivyo litageuka ripoti na kukosa mvuto. Hofu hiyo naielewa, maana bango lisilomsimamisha mpita njia ni karatasi tu. Lakini mvuto hutegemea anayevutwa. Mtoto wa Lodwar, kule Turkana kwenye joto kali, hutamuuzia jua, ambalo matangazo ya Pwani yamelinadi miaka nenda miaka rudi. Itabidi utafute kitu kingine, na kukitafuta ndiko kulijua eneo.

Pingamizi lililo gumu zaidi ni la mwalimu mwenye darasa la watoto 60: uzuri huonekana kwa mara moja, lakini nauli na habari za wenyeji lazima zihakikiwe moja moja. Ni kweli, na sina jibu kamili. Anaweza kuwaachia wanafunzi wahakikiane wao kwa wao, kisha yeye amsimamishe kila mmoja mbele ya bango lake na kumwuliza maswali mawili tu. Aliyefanyiwa kazi na kijana wa saiba atajulikana kwenye swali la kwanza.