Kanisa Lililojaa Bagamoyo: Kubomoa Ukuta au Kujenga Kando Yake

Katika kanisa ninaloabudu hapa Bagamoyo, anayefika baada ya kengele ya pili huwa ameshakosa nafasi ndani. Akina mama wenye watoto wachanga hukaa chini ya mwembe, vijana husimama nje ya madirisha, na katika miezi ya masika turubai hufungwa ubavuni mwa jengo ili waliokosa benchi wasilowe wakati wa mahubiri. Kwa sababu hiyo kamati ya ujenzi imeleta pendekezo la kubomoa ukuta wa upande wa barabara na kulipanua jengo, na waumini wamegawanyika. Wapo wanaoona kwamba kuchelewa ni kuwafukuza watu waliokuja wenyewe kumtafuta Mungu, na wapo, wengi wao wazee, wanaoona kwamba tutaharibu kitu ambacho hatutaweza kukirudisha. Nimezisikiliza pande zote mbili kwa muda mrefu, na naona kila upande una hoja ambayo upande wa pili haujaijibu.

Swali hili si geni katika mji huu. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padri Antoine Horner, walifungua misheni yao hapa mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, na kijiji walichokianzisha kikawapokea watu waliokombolewa utumwani. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga pwani hii na kuangusha majengo ya misheni, wakalazimika kujenga upya. Katika kanisa lao la mawe, ambalo mnara wake bado umesimama, ndimo mwili wa David Livingstone ulimolazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka bara. Kisha, kati ya mwaka 1910 na 1914, likajengwa Kanisa la Roho Mtakatifu linalotumika hadi leo. Ninachokizingatia katika habari hiyo ni kwamba kanisa kubwa halikupatikana kwa kulirefusha lile la kwanza: lilijengwa jingine katika eneo lile lile, na mnara ukabaki mahali pake, ukitazamwa na mahujaji waliofurika hapa mwaka 2018 katika jubilei ya miaka 150 ya uinjilishaji wa Tanzania Bara.

Hoja ya wanaotaka kupanua ina hesabu rahisi yenye uzito. Mtu mzima anahitaji karibu nusu mita ya benchi, na safu zikitenganishwa kwa sentimita 90 watu wanaweza kupiga magoti bila kusukumana. Nyongeza ya mita 10 kwa 10, ikiachiwa njia ya kati ya mita 2, inapata safu 11 za watu 16, yaani watu 176 wanaotoka juani na kukaa kivulini. Wanaokuja nao si wageni wa kupita. Ni wanafunzi wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, walimu na wauguzi waliohamishiwa hapa, na familia zinazohama Dar es Salaam kutafuta kiwanja. Papa Fransisko alipounda Jimbo Katoliki la Bagamoyo mwaka 2025, sisi wa madhehebu mengine tuliona kwamba jambo tunalolishuhudia kila Jumapili limeonwa pia na walio mbali nasi.

Hoja yao ya pili, ambayo kwangu ina nguvu kuliko hiyo hesabu, inahusu siku za msiba. Mtu akifa katika mji mdogo, mazishi yake ni ya mji mzima, na majirani Waislamu waliokaa na marehemu miaka 30 huja kumsindikiza. Wanaokosa nafasi husimama juani kwa saa mbili, baadhi yao wakiwa wazee kuliko marehemu mwenyewe. Mama mmoja wa kwaya aliuliza kikaoni, “Baba Mchungaji, tutawaambiaje wenzetu kwamba tunawapenda, ilhali hata kivuli hatuwapi?” Hakuna aliyemjibu, na sidhani kwamba hoja ya mawe na chokaa, hata ikiwa sahihi, inatosha kumjibu.

Hata hivyo, wanaopinga wana jambo ambalo kamati imelipita haraka mno, nalo ni mahali watu wanapoishi. Ukitoka mjini kuelekea Dar es Salaam unapita Kiromo, Zinga, Kerege na Mapinga, na kila mwaka unaona huko mapaa mapya mahali palipokuwa na minazi na mikorosho. Sehemu kubwa ya ongezeko tunaloliona mabenchini inatoka upande huo. Familia ya watu watano inayopanda daladala kwenda na kurudi hulipa nauli mara 10 kwa Jumapili moja, na mtoto wa jirani yao, asiye na nauli, haji kabisa. Tukipanua jengo la mjini kwa ajili ya watu wa Kerege, tutakuwa tumewajengea benchi mbali na kwao. Wazee wanapendekeza kwamba fedha hizo zijenge mahali pa kusalia huko huko, hata kama ni banda la nguzo na bati, na hapa mjini ibada ziwe mbili. Pendekezo hilo lina udhaifu mmoja, kwamba mchungaji ni mmoja na petroli ya pikipiki yake hailipwi na mtu mwingine, lakini wainjilisti wa pwani hii wamekuwa wakihubiri chini ya miti tangu zamani, na makanisa yalifuata baadaye.

Nakuja sasa kwenye jengo lenyewe, ambalo ndilo linalonipa wasiwasi zaidi. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, kama zilivyo nyumba nyingi za zamani za Mji Mkongwe. Ukuta wa namna hiyo unapumua: unyevunyevu unaopanda kutoka ardhini na unaoletwa na upepo wa bahari huingia na kutoka taratibu kupitia chokaa, na jua likiwaka ukuta unakauka. Saruji haifanyi hivyo. Ukipiga lipu ya saruji juu ya matumbawe, maji hufungiwa ndani, chumvi hukusanyika nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache lipu inabanduka ikiwa imeng’ang’ania vipande vya jiwe. Anayepita mitaa ya zamani ya Bagamoyo ataziona nyumba zilizofanyiwa hivyo kwa nia njema, na nyingi zina hali mbaya kuliko zile ambazo hazikuguswa.

Kuunganisha jengo jipya la zege na la zamani la matumbawe ni hatari ya aina nyingine. Msingi wa zamani umeshatitia kiasi chake na kutulia, ilhali msingi mpya utatitia kwa kadiri ya uzito wake na udongo unaoupata, na palipo na kiungo kigumu kati ya viwili hivyo ndipo ufa hutokea. Kukata ukuta mrefu ili kuweka nguzo na boriti za zege ni kuliondolea paa mahali lilipoegemea kwa miaka mingi. Fundi mwangalifu anaweza kuyafanya hayo yote kwa kuacha nafasi ya mwachano kati ya majengo mawili na kuegemeza paa kwa hatua, lakini kazi hiyo inataka mhandisi, na mhandisi hakuwemo katika makadirio tuliyosomewa. Humo kulikuwa na mifuko ya saruji, nondo, kokoto na mchanga basi, na hata mchanga haikuelezwa unatoka wapi, wakati kila fundi wa pwani anajua kwamba mchanga wa ufukweni usiooshwa chumvi huozesha nondo ndani ya zege.

Kuhusu sheria, baadhi yetu tulidhani kwamba kila jengo la zamani tayari limelindwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na yaliyojengwa baadaye hulindwa Waziri anapoyatangaza. Kwa kipimo hicho cha mwaka peke yake, makanisa ya mji huu yote ni machanga, kwa kuwa misheni yenyewe ilifika miaka mitano baada ya tarehe hiyo. Kwa hiyo ulinzi wa kanisa kama letu uko mikononi mwa waumini wake kwanza, na kibali cha ujenzi cha halmashauri hakiwezi kuwa kisingizio cha kutofikiri.

Suala la fedha sitalizungumza sana, kwa sababu kila aliyewahi kupewa bahasha ya ujenzi analijua. Nitasema tu kwamba mvuvi hana mshahara wa mwezi, na ahadi aliyoitoa kwa furaha wakati samaki ni wengi humtesa bahari inapochafuka wakati wa kusi. Nimewajua watu walioacha kuja ibadani kwa aibu ya kudaiwa ahadi. Kanisa linalopanuliwa kwa namna inayowaondoa hao waliokuwa tayari ndani limepungua, hata mita zake zikiongezeka.

Yapo pia mambo ya majirani, ambayo hayana upande wowote katika ubishi wetu na labda ndiyo sababu yamesahauliwa. Ukuta mpya ungefunga kijia ambacho watu wa nyuma ya kanisa hupita kwenda barabarani. Bagamoyo ni mji wa Waislamu kabla ya kuwa wetu, na heshima kati ya nyumba za ibada hapa ina mizizi ambayo ni vigumu kuipata kwingine. Wakati misheni ilipokuwa ikiwapokea waliotoka utumwani, mtu mwingine aliyeletwa pwani akiwa mtumwa, Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya, alikua na kuwa kiongozi mkuu wa tariqa ya Qadiriyya, yaani udugu wa Kisufi, mjini hapa, na watu walimfuata kutoka mbali. Mji ambao wanyonge wa aina moja waliinuka kupitia msikiti na kupitia kanisa si mahali pa kufunga njia ya jirani bila kwenda kumbishia hodi.

Baada ya kuyapima yote hayo, mimi naunga mkono kuongeza nafasi, na napinga kuubomoa ukuta. Kiwanja chetu upande wa mwembe kinatosha kujenga ukumbi unaojitegemea, wenye nguzo, paa pana na kuta fupi zinazoacha upepo upite, na ambamo Jumapili waliokosa nafasi wataifuata ibada, mlango ukitazamana na mlango wa kanisa, na siku za kazi utakuwa chekechea, mahali pa kliniki ya watoto, au kivuli cha wanaozika. Mwanzoni nilidhani kwamba ukumbi ni njia ya kuwaridhisha wazee tu. Nimebadili mawazo, kwa sababu jengo linalofunguliwa siku saba linawafikia watu ambao benchi la Jumapili haliwafikii. Wale wa Kerege na Mapinga wapewe mahali pao pa kusalia, na hesabu ya ukubwa wa ukumbi ifanywe kwa kuhesabu vichwa Jumapili za kawaida, si kwa kukumbuka Pasaka na Krismasi.

Kama kamati ingekubali, ningeomba ujenzi uanzie mahali ambapo hakuna atakayepaombea uzinduzi: vyoo, na tangi la kukinga maji ya paa. Paa la mita za mraba 200 likipata mvua ya milimita 10 tu linaweza kutoa hadi lita 2,000, na katika masika siku za mvua kama hiyo ni nyingi. Bomba la tangi hilo liwekwe upande wa kijia, nje ya uzio, ili mama wa nyuma ya kanisa achote ndoo yake bila kuuliza ufunguo uko kwa nani.