Kipimo cha Dengi Kipimwe Kwanza kwa Damu ya Watu wa Tanga

Mtu wa Tanga akishikwa na homa na kufika zahanati, jambo la kwanza ni kutobolewa kidole ili apimwe malaria kwa kipimo cha haraka, na huo ni utaratibu mzuri ambao umeokoa maisha ya wengi. Tatizo huanza kipimo kinapoonyesha kwamba hana malaria. Hapo huambiwa ana UTI, au ana taifodi, akapewa antibiotiki. Na viungo vikizidi kumuuma, hupita duka la dawa njiani akanunua diklofenaki. Ikiwa homa hiyo ni ya dengi, yaani kidingapopo, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, mgonjwa huyu amenunua dawa inayoweza kumwongezea hatari ya kutokwa na damu, ilhali kilichomfaa ni parasetamo, vinywaji vya kutosha na kuangaliwa kwa karibu.

Siwalaumu wahudumu wa afya, kwa kuwa hawawezi kutaja ugonjwa ambao hawana cha kuupimia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliohusu watoto 1,005 wenye homa katika Dar es Salaam na Ifakara, ulikuta malaria kwa asilimia 10.5 tu, na maambukizi ya virusi vya aina mbalimbali kwa asilimia 70.5. Kaskazini, miongoni mwa wagonjwa 870 waliolazwa Moshi kwa homa, 528 walidhaniwa kuwa na malaria, na waliothibitika kuwa nayo walikuwa 14. Sisi wa Tanga tuna sababu zetu za kujali: mwaka 2019 dengi ilitupata pamoja na Dar es Salaam, na kati ya mwaka 2017 na 2018 chikungunya, homa nyingine ya virusi inayoenezwa na mbu, ilienea Mombasa, mji ambao watu wetu huuendea kila siku kwa kupitia Horohoro.

Wapo wanaosema dawa ya tatizo hili ni kununua vipimo vya dengi kwa wingi na kuvisambaza. Ninakubali kwamba vinahitajika, lakini ninapinga kwa nguvu zote kununua kipimo ambacho ubora wake umethibitishwa kwa damu ya watu wa mbali, kisha kuchukulia kwamba kitasema kweli hapa.

Jambo la kwanza ni siku ambayo damu inatolewa. Katika siku tano hivi za mwanzo, virusi vyenyewe huweza kuonekana kwa kipimo cha maabara kiitwacho PCR, kinachotafuta chembe za urithi za virusi, na protini ya dengi iitwayo NS1 huonekana kwa takriban wiki moja tangu homa ianze. Kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na ugonjwa, huja baadaye: zile za mwanzo, ziitwazo IgM, huanza kuonekana karibu na siku ya nne au ya tano, na zinaweza kubaki katika damu kwa miezi miwili au mitatu baada ya mtu kupona. Wagonjwa wetu wengi hufika zahanati wakiwa wamekwisha kujaribu dawa nyumbani, yaani katika siku zile ambazo virusi vinapungua na kingamwili ndiyo kwanza zinaanza. Kipimo kinachotafuta kitu kimoja tu kitawakosa wengi wao, na jibu la kwamba mtu hana dengi litakuwa na maana ndogo sana kama hakuna aliyemuuliza homa ilianza lini.

Jambo la pili ndilo linalonisumbua zaidi. Virusi vya dengi, Zika, homa ya manjano na West Nile ni vya ukoo mmoja, na sehemu fulani ya protini ya gamba lao inafanana mno, kiasi kwamba kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya kimoja hushika na kingine. Mtu aliyeugua dengi zamani, au aliyechanjwa homa ya manjano kwa ajili ya safari, anaweza kupata jibu la kupotosha. Ugumu huo uliwatesa madaktari wa Amerika ya Kusini wakati wa mlipuko wa Zika wa mwaka 2015 na 2016, kwa sababu watu wengi kule walikuwa wamekwisha kuugua dengi. Hapa kwetu kuna fumbo jingine ambalo huko halipo: chikungunya, ambayo virusi vyake vilitengwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa Newala wa mwaka 1952 na 1953, ina ndugu wa karibu aitwaye o'nyong-nyong, aliyegunduliwa Uganda mwaka 1959 na ambaye huenezwa na Anofelesi, mbu yuleyule wa malaria. Mtengenezaji wa kipimo anayeishi mahali pasipo na o'nyong-nyong hana sababu ya kukijaribu kipimo chake dhidi yake. Sisi tunayo.

Njia ya kuaminika zaidi ya kutenganisha kingamwili hizi ni kuzichanganya na virusi hai na kuangalia ni vipi vinavyozuiwa, lakini kazi hiyo huchukua siku kadhaa na hudai maabara yenye ulinzi mkubwa, ambayo kituo cha afya cha Pangani au Mkinga hakiwezi kuwa nayo. Kwa hiyo ninafurahishwa na wanasayansi wanaoibadilisha kwa makusudi ile sehemu ya protini inayofanana, ili kingamwili za ugonjwa mwingine zisipate pa kushika, na wale wanaotumia NS1 ambayo hutofautiana zaidi kati ya kirusi na kirusi. Huko ndiko fedha za utafiti zielekezwe.

Tuangalie pia hesabu. Chukua watu 1,000 wenye homa, ambao 10 kati yao wana dengi. Kipimo kinachowagundua wagonjwa 9 katika kila 10, na kutoa jibu sahihi kwa 95 katika kila watu 100 wasio na dengi, kitawataja wagonjwa 9 wa kweli na watu wapatao 50 ambao hawana dengi kabisa. Wakati wa mlipuko kipimo hichohicho kitaaminika zaidi, kwa sababu wagonjwa wa kweli watakuwa wengi. Ndiyo maana asilimia zilizoandikwa kwenye boksi haziwezi kumtosha mganga.

Gharama ya kutojua imekwisha kuonekana Ufilipino, ambako zaidi ya watoto 800,000 walichanjwa chanjo ya dengi kabla ya kutangazwa, Novemba 2017, kwamba kwa mtu ambaye hajawahi kuugua dengi chanjo hiyo inaweza kuongeza uwezekano wa kuugua vibaya baadaye. Baada ya hapo, kupima damu kwanza, ili kujua kama mtu amewahi kuugua dengi, kukawa sharti la kuitumia.

Mkoa wetu una uwezo wa kuifanya kazi hii. Utafiti wa mbu na malaria umefanyika Amani na Muheza tangu enzi za ukoloni, na Korogwe ilishiriki pamoja na Bagamoyo katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Ninachopendekeza ni hazina ya sampuli za damu za hapa, zilizotolewa kwa ridhaa: za wagonjwa wakati wa homa na tena baada ya wiki mbili au tatu, za wenye malaria, za waliochanjwa homa ya manjano, na za waliougua dengi mwaka 2019. Kila kipimo kinachotaka kuuzwa nchini kijaribiwe kwanza dhidi ya hazina hiyo, na kijaribiwe baada ya kukaa katika stoo ya zahanati isiyo na kiyoyozi mwezi wa Machi, kwa kuwa vingi huelekezwa vihifadhiwe chini ya nyuzijoto 30. Hazina hiyo itachukua miaka kujengwa, lakini fomu ya maabara inaweza kuongezewa hata wiki hii mstari mmoja unaouliza homa ilianza tarehe ngapi.