Gemu ya Familia? Mtazame Anayesubiri Zamu

Wanaochambua gemu za michezo zinazochezwa kwa kurusha mikono huanza karibu wote mahali pamoja: picha zimependeza kiasi gani, ndani mna michezo mingapi, rimoti inaufuata mkono kwa usahihi gani. Kwa marafiki wa rika moja vipimo hivyo vinatosha. Kwa nyumba yenye bibi, mtoto wa miaka sita na kijana ambaye vidole vyake havijui kupumzika, havisaidii kitu. Mimi nauliza jambo moja tu: aliye dhaifu kuliko wote akipangwa na aliye hodari kuliko wote, mechi bado ina mashaka?

Kwa swali hilo Wii Sports, gemu ya mwaka 2006, bado inasimama. Ilitolewa pamoja na mashine ya Wii ya kampuni ya Nintendo karibu kila mahali isipokuwa Japani na Korea Kusini, na nakala zake zilivuka milioni 80. Picha zake leo zinachekesha. Lakini tazama tenisi yake ilivyopangwa: kukimbia kote kunafanywa na mashine. Mchezaji anaamua kitu kimoja, wakati wa kupiga. Akiwahi, mpira unakwenda upande huu. Akichelewa, unakwenda ule. Mtoto ambaye hajawahi kushika raketi analielewa hilo kabla hujamaliza kumweleza, na kijana hodari hawezi kutumia mbio zake kumwonea, kwa kuwa mbio hazimo kwenye mchezo.

Wapo wanaolalamika kwamba unaweza kushinda umeketi kwenye kochi, ukitikisa kifundo cha mkono tu. Ni kweli, unaweza. Malalamiko hayo yangekuwa na uzito kama gemu ingeuzwa kuwa mazoezi ya viungo. (Na hata hapo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores waliwapima vijana mwaka 2007 wakakuta kwamba gemu hizi huchoma nguvu zaidi ya zile za kukaa, ila haziufikii mchezo wenyewe wa uwanjani.) Kwa familia, kule kucheza umeketi ni mlango. Mzee ambaye magoti yanamsumbua anaingia kwenye mechi ileile na mjukuu, wala hapunguziwi chochote.

Sasa niseme jambo ambalo wapenzi wa gemu hawatalipenda: usahihi mwingi huharibu mchezo wa familia. Rimoti ya kwanza ya Wii ilihisi mtikisiko na mwelekeo wa jumla. Mzunguko wa kifundo iliukisia. Mwaka 2009 kikaja kifaa cha MotionPlus chenye jairoskopu, yaani kihisi cha mzunguko, pamoja na Wii Sports Resort na michezo yake 12. Mchezo wa panga ulipendeza sana, sikatai. Ila kifaa kinachosikia kila kitu husikia pia makosa yote ya anayejifunza. Ile rimoti ya zamani, yenye uziwi kidogo, ilimsitiri mgeni. Mkono wake ulipokwenda kombo, mpira bado ulivuka wavu.

Ukiniuliza mchezo ninaouamini kuliko yote, nitakujibu boling ya Wii Sports, ule wa kuviringisha mpira uangushe pini. Rimoti moja inatosha watu wanne, maana inapokezanwa mkono kwa mkono. Mwendo wenyewe ni wa taratibu, mkono unashuka na kupanda. Pini nazo zina bahati yake: mpira uliotupwa vibaya huweza kuangusha zote, na ule wa fundi ukaacha mbili zimesimama kila moja kona yake. Bora zaidi ni wale wanaosubiri. Wana nafasi ya kutania, kuhesabu alama, kumshauri vibaya makusudi anayefuata. Mchezo wa familia hauishii kwa aliyeshika rimoti, na ndiyo sababu mimi humtazama aliyeketi pembeni. Akitoa simu yake mfukoni, gemu hiyo imeshindwa, hata ingekuwa na picha za namna gani.

Gofu ya humohumo inawafukuza watoto. Ndondi humalizikia kwa anayerusha mikono haraka zaidi, kisha mabega yanauma.

Nintendo Switch Sports ilitoka Aprili 2022 ikiwa na michezo sita. Gofu ikaongezwa mwaka uleule na mpira wa kikapu mwaka 2024. Ni nzuri, na mpira wa vinyoya humo unafaa mno kwa watu wawili. Lakini hesabu vidhibiti kabla hujalipa. Mashine yake, Switch, huja na vidhibiti viwili viitwavyo Joy-Con, ambavyo kwenye tenisi ni wachezaji wawili. Kwenye mechi ya soka kila mchezaji anashika mbili, hivyo watu wawili wanahitaji nne, na zile mbili za ziada ni gharama ambayo haijaandikwa kwenye boksi la gemu. Halafu mavazi mengi ya wahusika hupatikana kwa kucheza mtandaoni, kwa uanachama wa kulipia. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Hapa anayetunzwa ni anayecheza na wageni.

Kinect Sports ya mwaka 2010 ilikuwa na wazo la kuvutia, kamera bila rimoti yoyote, lakini ilimtaka mtu asimame karibu mita 2 mbele yake. Sebule ndogo na mzee wa kwenye kochi vikawekwa kando.

Kwa hiyo mwenye Wii ya zamani kabatini simshauri akimbilie mashine mpya kwa ajili ya michezo hii. Anunue betri mbili za AA kwa kila rimoti, kisha akague kamba za mkononi. Desemba 2006 Nintendo ililazimika kujitolea kubadilisha kamba zipatazo milioni 3.2, kwa sababu zile nyembamba za mwanzo zilikuwa zikikatika na rimoti kuruka. Kama zake ni nyembamba hivyo, atafute nene zaidi, asogeze meza, na boling ianze.