Damu ya Kitovu: Tuigandishe au Tumwachie Mtoto?

Zamani kitovu cha mtoto kilizikwa kwao, na hadi leo mtu akikutajia alikozikwa kitovu ujue anakutajia nyumbani. Siku hizi mjamzito wa Nairobi mwenye uwezo kidogo huenda akashauriwa vingine: damu inayobaki kitovuni isitupwe, ikusanywe, igandishwe, nawe ulipe ada ya kuihifadhi.

Wanaoipigia debe hawasemi uongo. Damu hiyo ina seli shina, zinazozaa chembe zote za damu. Mwaka 1988, jijini Paris, Daktari Eliane Gluckman na wenzake walimtibu mvulana Mmarekani mwenye anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi unaozuia mwili kutengeneza damu ya kutosha, kwa damu ya kitovu cha dada yake mchanga. Maelfu wametibiwa kwa njia hiyo tangu wakati huo.

Lakini kisome tena kisa hicho. Damu ilitoka kwa dada. Ya mvulana mwenyewe isingemfaa, maana kasoro ya kurithi imo ndani ya seli zake zote. Selimundu nayo ni vivyo hivyo, na familia nyingi zenye asili ya Nyanza, Magharibi na Pwani zinaujua uchungu wake. Hivyo ile "bima ya mtoto" anayoinadi wakala ni bima ya ndugu yake zaidi, tena ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana kikamilifu aina ya tishu, ili mwili wa mmoja uzipokee seli za mwenzake. Wakilingana, mara nyingi uboho wa mifupa ya ndugu huyo, ambao nao una seli shina, unaweza kutumika baadaye, hata kama hakuna kilichogandishwa.

Linalonisumbua zaidi ni saa yenyewe ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kisibanwe kabla ya dakika moja kupita, ili damu iendelee kumwingia mtoto na kumwongezea madini ya chuma. Mkusanyaji naye anataka mfuko ujae. Wanaweza kugawana, sikatai, ila tone lililoingia mfukoni halikuingia kwa mtoto.

Hifadhi ya umma ni habari nyingine. New York ilianzisha yake mwaka 1992: unatoa damu bure, anayelingana nayo popote aipate. Wagonjwa wenye asili ya Kiafrika ndio hutaabika zaidi kupata wa kulingana nao, kwa hiyo hifadhi ya aina hiyo ningeiunga mkono kesho asubuhi.

Na kama nyumbani tayari kuna mtoto mwenye selimundu na mimba nyingine imeingia, hesabu inabadilika. Hapo uamuzi uongozwe na daktari bingwa wa damu.

Sisi wengine, kabla ya kutia sahihi, tumuulize wakala damu itakaa jiji gani, seli zitatosha mgonjwa wa kilo ngapi, na kampuni ikifungwa mfuko utabaki mikononi mwa nani. Akijibu kwa kutaja punguzo la bei, mimi ningeaga.